“Is” au “was” baada ya “said”? Jibu kwa katibu wa wavuvi wa Kibirizi

Swali limetoka kwa dada mmoja ambaye ni katibu wa kikundi cha wavuvi hapa Kigoma, mwalo wa Kibirizi. Kila baada ya kikao yeye ndiye anayeandika taarifa ya Kiingereza inayokwenda kwa wafadhili. Kwa ufupi anasema hivi: “Mwalimu, niliandika ‘The fishermen said that the catch is falling.’ Msimamizi wangu akakata ‘is’ akaweka ‘was’. Nilipomuuliza sababu akasema kanuni ni kanuni, ukishaandika ‘said’ kila kitu kinarudi nyuma. Lakini samaki wanaendelea kupungua mpaka leo hii, na kwenye magazeti ya Kiingereza naona ‘said’ ikifuatwa na ‘is’ kila siku. Nani yuko sahihi, na mimi nishike lipi?”

Dada Katibu, sentensi yako ilikuwa sahihi. Na ile aliyoiweka msimamizi wako ni sahihi pia. Kisicho sahihi ni sababu aliyokupa. Hakuna kanuni ya Kiingereza inayosema “said” inakilazimisha kila kitenzi kinachoifuata kirudi nyuma. Kilichopo ni mazoea yenye nguvu sana ya kurudisha nyuma, na ndani ya mazoea hayo mwandishi ameachiwa nafasi ya kubakiza wakati uliopo pale ambapo jambo lenyewe bado lipo. Nafasi hiyo ina masharti, na ukiitumia unakuwa umemwambia msomaji kitu ambacho “was” isingemwambia. Sentensi zenu mbili zinafanana kwa sarufi, lakini hazisemi jambo moja.

Tuanze na lugha yetu, maana ndiko tatizo linakoanzia. Ukisema “Juma alisema anaumwa”, kile kiambishi “-na-” hakijali saa yako wewe unayesimulia, kinafuata saa ya Juma. Alikuwa anaumwa pale aliposema. Leo huenda ameshapona na yuko ziwani. Ukisema “Juma alisema aliumwa”, tunaelewa kwamba ugonjwa ulitangulia na siku anaongea ulikuwa umekwisha. Vivyo hivyo “alisema atakuja” inafaa iwe siku ya kuja haijafika, iwe imeshapita na mtu hakuonekana. Kiswahili kinamwachia msemaji saa yake.

Kiingereza kinapima kila kitu kwa saa ya anayesimulia. “Juma alisema anaumwa” kwa Kiingereza ni “Juma said he was sick”, na “Juma alisema aliumwa” ni “Juma said he had been sick”. Wengi wetu tukiona “was” tunasikia “alikuwa”, tunadhani tumetangaza kwamba ugonjwa umekwisha, ndipo mkono unapokimbilia “is” ili kuokoa maana. Hakuna cha kuokoa. Baada ya “said”, hiyo “was” haisemi lolote kuhusu leo: Juma anaweza kuwa bado yuko kitandani na sentensi ikabaki kweli. Nadhani hofu hiyo ndiyo iliyokufanya ukatae marekebisho ya msimamizi wako. Uliona kama amesema samaki wameacha kupungua. Hakusema hivyo.

Sasa tazama “is” inafanya nini. Ukiandika “Juma said he is sick” umebeba nyakati mbili kwa mpigo: Juma alikuwa anaumwa alipoongea, na anaumwa sasa hivi unapoandika. Kwa hiyo kabla ya kuiandika jiulize, jambo hili lilikuwepo aliposema, na je, lipo bado? Kama limekwisha, au huna hakika, rudi kwenye “was”. Chukua sentensi kama “The chairperson said that the engine is broken” katika taarifa ya mwezi wa tatu. Mfadhili akiifungua mwezi wa sita, injini imeshatengenezwa na boti inavua kila usiku usio na mbalamwezi, lakini yeye karatasi yake inamwambia bado ni mbovu. Ukiandika “was broken” hatadanganyika, hata aisome mwaka kesho.

Hilo la muda ndilo jepesi. La pili ni zito zaidi, na ndilo vitabu vingi vya shule vinalipita haraka: nani anasimama nyuma ya maneno hayo? Ukitumia wakati uliopo, msomaji anasikia kwamba hata wewe mwandishi unakubali. Ukitumia uliopita, unayaacha maneno mdomoni mwa aliyeyasema.

Vitabu vinapenda mfano wa jua kuchomoza mashariki. Hapa Ziwa Tanganyika tunao mzuri zaidi. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walifika Ujiji katika safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Swali lililowasumbua lilikuwa la mto Rusizi ulioko kaskazini: je, unatoka ziwani au unaingia? Wenyeji wa upande wa Uvira waliwaambia unaingia. Burton hakuridhika, na baadaye akawa anatetea kwamba unatoka. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley akamkuta David Livingstone pale Ujiji, na mwaka huohuo wawili hao wakasafiri kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, wakaona kwa macho yao kwamba maji yanaingia. Wenyeji walikuwa wameshalisema hilo miaka 13 kabla. Sasa andika Kiingereza chake:

“Burton argued that the Rusizi flowed out of the lake.”

“Stanley and Livingstone found that the Rusizi flows into the lake.”

Katika sentensi ya kwanza huwezi kuweka “flows”. Ukiiweka, utakuwa umemuunga mkono Burton katika jambo ambalo unajua si kweli. Katika ya pili una uhuru: “flows” na “flowed” zote zinapita. Ukichagua “flows” umesema, nao waliona hivyo, na ndivyo ilivyo hadi leo. Ukichagua “flowed” umesimulia tu walichokikuta, bila kujiingiza. Na wale wenyeji? Mimi ningeandika “The people of the north told Burton that the river flows into the lake”, kwa makusudi kabisa, ili msomaji ajue pale pale nani alikuwa na ukweli.

Angalia pia kitenzi kinachotangulia. Vitenzi kama “found”, “showed”, “explained” na “discovered” vinapatana vizuri na wakati uliopo kwa sababu vyenyewe vinakubali kwamba jambo ni kweli. “Thought”, “believed” na “claimed” vinaweka umbali kati ya mwandishi na neno, hivyo wakati uliopo ukifuata hapo unasikika kama umekosea njia. Gombe, kaskazini kidogo ya hapo ulipo, inatupa jozi nzuri. Kabla ya mwaka 1960 wanasayansi wengi waliamini binadamu peke yake ndiye anayetengeneza zana. Mwaka huo Jane Goodall akawaona sokwe wa Gombe wakinyofoa majani kwenye vijiti ili wavulie mchwa ndani ya kichuguu. Kwa hiyo: “Scientists believed that only humans made tools. Goodall showed that chimpanzees make them too.” Jaribu kubadilishana “made” na “make” katika sentensi hizo mbili, utaona ya kwanza inaharibika papo hapo.

Kwenye kazi yako jambo hili linaweza kuleta ugomvi wa kweli. Tuseme wavuvi wawili wanagombania injini moja ya boti, kikao kinakaa kusuluhisha, nawe unaandika. Mmoja anadai ni yake. Ukiandika “He said that the engine was his”, umeripoti dai. Ukiandika “He said that the engine is his”, yule wa pili akija kusoma ana haki ya kuuliza katibu anamtetea nani. Kisarufi zote mbili zinaruhusiwa, ila kwenye mgogoro, malalamiko, maelezo ya polisi na chochote ambacho pande mbili zinavutana, shika wakati uliopita usiuachie. Hapo nakubaliana na msimamizi wako moja kwa moja.

Kuna mahali ambapo Kiingereza kinarudi nyuma hata jambo likiwa mbele ya macho yako. Unaingia ofisini unamkuta mgeni ameketi, kwa Kiswahili unasema “Sikujua upo.” Kiingereza chake ni “I didn't know you were here.” Yupo, unamwona, mnasalimiana, na bado ni “were”. Ukisema “I didn't know you are here”, mzungumzaji wa Kiingereza atakuelewa lakini atajua umetafsiri kutoka nyumbani. Ni hivyo hivyo kwa “Nilidhani wewe ni wa Tabora”, kumbe mtu ni wa Kasulu: “I thought you were from Tabora.” Hapa kinachosimuliwa ni ujuzi wako uliokuwa umepungua au dhana iliyokuwa kichwani mwako, na vyote viwili vimekwisha muda wake. Hii ningependa uizoee kwa ulimi kabla ya kalamu, iseme mpaka isikusumbue.

Tuje kwenye yajayo, maana “alisema atakuja” ndiyo sentensi inayotuangusha kuliko zote. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Chukulia kwamba Aprili ya mwaka huo ofisa uvuvi alikuja kikaoni akasema: “The lake will be closed on 15 May.” Taarifa yako ikitoka Aprili hiyo hiyo, unaweza kuandika “The officer said that the lake will be closed on 15 May”, au “would be closed”, yote sawa, kwa kuwa tarehe iko mbele yako kama ilivyokuwa mbele yake. Taarifa ikitoka Juni, “will” haipo tena kwenye hesabu. Msomaji atadhani unasema Mei ya mwaka unaofuata. Ni “would” peke yake: “The officer said in April that the lake would be closed on 15 May.”

Lakini “would” nayo ina upungufu wake: haisemi kama jambo lilitokea. Mtu asiyeijua Kigoma ataisoma na kubaki anajiuliza, sasa lilifungwa au halikufungwa? Usimwache hapo. Ongeza maneno matatu: “and it was.” Taarifa nyingi za miradi nilizopitia zinajaa “would” ambazo hakuna aliyerudi kuzifunga, na msomaji wa mbali hawezi kutofautisha ahadi iliyotimia na ile iliyokufa.

Maneno ya siku yanafuata hesabu hiyo hiyo ya saa ya anayesimulia. Shuleni tulikaririshwa kwamba “tomorrow” inakuwa “the following day” na “yesterday” inakuwa “the day before”. Inakuwa hivyo pale ambapo siku zimesogea. Kama fundi amekuambia asubuhi hii kwamba atakuja kesho, na jioni hii unamwandikia mwenyekiti, basi “He said he would come tomorrow” ni sahihi kabisa, kwa sababu kesho ya fundi na kesho yako ni siku moja. Ukiandika baada ya wiki, kesho yake si kesho yako tena. “Here” nayo ni hivyo hivyo: kama taarifa inasomwa Dodoma, “here” ya mvuvi wa Kibirizi igeuze “in Kibirizi”.

Mengine nayapita haraka kwa sababu hayana ubishi. Kitenzi cha kuripoti kikiwa wakati uliopo, yaani “says” au hata “has said”, hakuna kinachorudi nyuma. “Can” inakuwa “could”, “may” inakuwa “might”. “Must” inaweza kubaki au ikawa “had to”. “Could”, “might”, “should” na “would” hazina pa kurudi, ziache. Na mtu akisema jambo la kutamani tu, kama “If I had money, I would buy a boat”, usiliguse: “He said that if he had money he would buy a boat.” Ukiweka “had had” na “would have bought” umemgeuzia maneno. Sasa anajutia boti ambayo hakuinunua zamani.

Hiyo “had” inahitaji neno zaidi, kwa kuwa wanafunzi wa shule zetu wanaipaka kila mahali. Si lazima kila jambo lililopita lipewe “had” likiingia kwenye kauli taarifa. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913. Nahodha akikueleza hivyo, andika “The captain told us that the ship was built in Germany in 1913.” Mwaka wenyewe umeshaonyesha kwamba ni zamani, na “had been built” inaongeza uzito tu. Lakini kuna mahali “had” ni ya lazima. Mama mmoja anakwambia aliwahi kuishi Ujiji, sasa amehamia Mwanga. Ukiandika “She said that she lived in Ujiji”, msomaji ataelewa kwamba siku ile anaongea alikuwa bado anaishi Ujiji. Hapo andika “had lived” au “used to live”. Vitenzi vya hali, vya kuishi, kuwa na kitu, kujua, kupenda, kufanya kazi mahali, ndivyo vya kuangalia kwa makini. Kitenzi cha tukio la mara moja kwa kawaida hakikudai “had”.

Sasa magazeti. Umeona kweli, wanaandika “said” na “is” kwa wingi, na wana sababu. Habari ya leo inasomwa leo. Saa ya aliyesema, ya mwandishi na ya msomaji zimekaribiana kiasi kwamba jambo linakuwa bado lipo. Muhtasari wa kikao hauko hivyo. Unatiwa kwenye faili, unaweza kufunguliwa baada ya miaka mitano na mkaguzi ambaye hakumjua hata mmoja wa waliohudhuria. Ndiyo maana desturi ya mihtasari ni wakati uliopita mwanzo hadi mwisho, na “would” kwa yajayo. Kama sentensi yako ilikuwa kwenye muhtasari, msimamizi alifanya vizuri kuibadilisha, ingawa sababu aliyoitoa haikuwa yenyewe. Kama ilikuwa kwenye taarifa ya hali ya uvuvi, ambapo kazi yako ni kumweleza mfadhili ziwa likoje sasa, “is” yako ilikuwa na haki zote za kubaki.

Na kwa taarifa ya namna hiyo ninayo njia ninayoipenda kuliko zote mbili. Kupungua kwa samaki si neno lililosemwa mara moja kikaoni likaisha. Ni kauli ambayo wavuvi wako wanaishikilia mpaka sasa. Basi sema hivyo: “The fishermen say that the catch is falling.” Hakuna wa kukukata. Na kama daftari lenu la mwalo linaonyesha idadi ya ndoo za dagaa kwa mwezi, na zinashuka, liondoe neno mdomoni mwa wavuvi ulibebe mwenyewe: “The catch is falling”, halafu weka tarakimu zenu chini yake. Msomaji anayetoa fedha ataithamini sentensi hiyo kuliko “said” kumi.

Jambo moja usilifanye: kuchanganya. “The fishermen said that the catch is falling and that nets were expensive.” Mwenye Kiingereza chake atasoma hapo kwamba samaki bado wanapungua lakini nyavu zimeshashuka bei. Kama hukukusudia hivyo, chagua wakati mmoja kwa maneno yote ya msemaji mmoja, na ubadilishe pale tu unapotaka tofauti ionekane.

Uligusia kwamba mdogo wako yuko kidato cha nne na anauliza swali hili hili. Mwambie kwenye mtihani arudishe nyuma kila kitenzi, abadilishe na maneno ya siku, isipokuwa akikutana na ukweli wa kudumu kama maji kuchemka au dunia kulizunguka jua. Swali la mtihani halimpi saa ya msimuliaji, halimwambii nani anaandika wala lini, kwa hiyo mtahini hana namna ya kukubali “is” kwa sababu tulizozizungumza.

Mwisho, zile sentensi tatu ulizoniambatishia kutoka kwenye muhtasari wa mwezi uliopita. Uliandika: “The supplier said he will bring the nets tomorrow. He said that the ice machine is not working. He explained that every boat must carry life jackets.” Ya kwanza ifanye “The supplier said that he would bring the nets the following day”, na kama alizileta, useme. Ya pili ni mashine, na mashine hutengenezwa: “was not working”. Ya tatu iache kama ilivyo, “must carry”. Sharti hilo lilikuwepo alipolieleza, lipo leo, na huyo atakayefungua faili baadaye anatakiwa alikute kama sharti linalomhusu hata yeye akipanda boti.